Chemsha bongo zetu tutunge maswali wenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua niseme jambo kuhusu chemsha bongo, maana siku hizi naziona kila mahali, kwenye harusi, kwenye vikoba, kwenye sherehe za ofisi za kufunga mwaka, watu wanagawanywa meza kwa meza wanaulizwa maswali na wanaoshinda wanapewa zawadi, jambo zuri kabisa, ila maswali yenyewe mengi yanachosha mpaka unaona watu wanachati tu na simu wakisubiri chakula kije.

Mimi niko Tanga. Mtaani kwetu tunakutana Ijumaa ya mwisho wa mwezi baada ya isha, uani kwa jirani, meza tano au sita, kahawa na kashata, na kazi ya kutunga maswali nimepewa mimi, huu mwaka wa tatu. Mwanzoni nilifanya kama wengi wanavyofanya, nilichukua maswali kwenye intaneti nikatafsiri. Makao makuu ya majimbo ya Marekani, nani alipata Oscar mwaka gani, vitu hivyo. Meza moja tu ndo ikawa inajibu, wengine kimya, na bibi mmoja tunayemheshimu sana pale mtaani akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, sisi hatuna vya kuulizwa?" Lile neno liliniingia. Niliporudi nyumbani sikulala nikaanza kuandika mengine.

Swali la kwanza nililotunga mwenyewe lilikuwa hili: Novemba 1914 Waingereza walishuka hapa Tanga na askari kama 8,000, wengi wao kutoka India, Wajerumani na askari wao walikuwa kama 1,000 tu, Waingereza wakashindwa, na katikati ya mapigano kuna viumbe walitokea wakawashambulia askari, viumbe gani? Hakuna aliyekuwa na jibu kichwani lakini kila meza ilikuwa na la kusema, huyu anasema siafu, huyu nyoka, yule anasema hapana, zamani huko nje ya mji ilikuwa pori na mashamba na watu walitundika mizinga, kwa hiyo ni nyuki. Na kweli ni nyuki, na waliuma pande zote mbili. Uani kelele tupu, mpaka waliokosa walifurahi. Hapo ndo nikaelewa kwamba swali zuri si lile la kujua au kutojua, ni lile ambalo watu wanaweza kulifikia kwa kujadiliana, kila mmoja akaweka kidogo alichonacho. Mbona kitendawili ndo kiko hivyo hivyo, ukisema kuku wangu katagia mibani hujamuuliza mtu alichosoma shule, umempa miba na umempa yai, nanasi analitafuta mwenyewe, na akishindwa akakupa mji bado akisikia jibu anasema aaah kumbe!

Mengine nayapenda ni ya kukisia namba, yale ambayo anayekaribia zaidi ndo anapata pointi. Hapa kwetu watu wengi wanadhani mkonge ni wetu tangu enzi za mababu, kumbe asili yake ni Mexico na uliletwa 1893 na Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida vikafa vingi njiani. Basi nauliza, vilipona vingapi? Jibu ni 62. Mzee aliyefanya kazi shamba la mkonge, kijana wa bodaboda na mtoto wa darasa la sita hapo wako sawa, hakuna wa kumtisha mwenzake.

Sasa Mhariri, nieleze na kosa langu ili wengine wasilirudie. Siku moja niliandika swali nililoliona jepesi kuliko yote, Tanzania ilipata uhuru mwaka gani. Nikategemea 1961 tuendelee. Meza moja ikaandika 1961, nyingine ikaandika hakuna jibu, nyingine 1964, na mzee mmoja mwenye asili ya Pemba akasimama akauliza na Zanzibar je umeiweka wapi? Na alikuwa na haki, maana iliyopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 ni Tanganyika, Zanzibar ilipewa wake tarehe 10 Desemba 1963, Mapinduzi yakaja tarehe 12 Januari 1964, Muungano tarehe 26 Aprili, na hilo jina Tanzania likaanza kutumika baadaye mwaka huo huo. Tulibishana karibu nusu saa, watu wakakunjiana nyuso, na raundi nzima niliifuta. Swali lilikuwa bovu, wao walikuwa sahihi. Tangu siku ile kila swali nampa kwanza mtu mmoja wa nyumbani ambaye hachezi, anatafuta jibu la pili linaloweza kuwa sahihi, na analipata mara nyingi kuliko mnavyodhani. Nikiuliza ziwa kubwa kuliko yote Afrika yeye anasema kubwa kwa nini, kwa eneo ni Victoria ila kwa wingi wa maji ni Tanganyika, kina chake kinafika kama mita 1,470. Basi naandika kwa eneo, ugomvi unaisha kabla haujaanza.

Lingine ni kuchanganya rika. Meza ya wazee peke yao na meza ya vijana peke yao haina raha, changanyeni, halafu maswali yaende huku na kule. Nikiuliza Coastal Union ilichukua ubingwa wa ligi mwaka gani (ni 1988) wazee wanaamka. Nikipiga sekunde kumi za Atomic Jazz au za Black Star halafu niulize ni bendi gani, yule bibi anaimba kabla sijazima spika na vijana wa meza yake wanamtazama kama hawajawahi kumwona, wote hao ni wa hapa hapa Tanga lakini vijana wengi hawakujua. Ikija raundi ya singeli na mambo ya simu, vijana nao wanambeba. Nimeona watu ambao salamu yao ilikuwa shikamoo na marahaba tu, sa hivi wanatembeleana.

Na msiogope maswali mepesi jamani. Katika kumi mimi nahakikisha meza dhaifu inapata angalau manne, anayekosa yote mwezi ujao haji, na hiyo si kwamba hana akili, muulizaji ndo hakumfikiria.

Ombi langu kwenu Mhariri ni hili. Magazeti yetu yanachapa chemsha bongo za wikiendi, nazisoma zote, ila nyingi ni zile zile za kutafsiriwa. Naomba mtoe kona ndogo, hata maswali matano tu kwa wiki, kila wiki mkoa mmoja, yatoke kwa wasomaji wenyewe. Mtu wa Kigoma atuulize kuhusu reli na ziwa, wa Kondoa atuulize kuhusu michoro ya mapangoni, wa Unguja atuulize televisheni ya rangi ilianza kwao mwaka gani (1973, bara tukasubiri mpaka 1994, hili huwa linawaduwaza watu). Majibu yatoke wiki inayofuata siyo chini ya ukurasa huo huo, watu wapate siku saba za kubishana vibarazani.

Ya Tanga ninayo tayari, yamepita mikononi mwa yule wa nyumbani. Mkikubali nayatuma wiki hii.

Msomaji wenu,
Tanga