Barua ya Wazi kwa Waziri wa Fedha: Ahadi za Uwazi Zipewe Kifungu cha Bajeti

Mheshimiwa Waziri,

YAH: KUTENGA FEDHA ZA NDANI KWA AJILI YA MAGEUZI YA UWAZI NA USHIRIKI WA ASASI ZA KIRAIA

Kwa heshima na taadhima, naomba kulileta mbele yako jambo ambalo mezani kwako huenda likaonekana dogo, kwa kuwa gharama yake ukiiweka kando ya barabara au deni la taifa haionekani hata kwenye majumuisho. Nimeziwakilisha asasi za kiraia katika jukwaa la pamoja linaloandaa mpango kazi wa uendeshaji wa serikali kwa uwazi kwa mizunguko miwili sasa. Katika mizunguko yote miwili jedwali limeandikwa kwa namna ile ile: ahadi, taasisi inayohusika, tarehe ya kukamilika, kiashiria cha mafanikio, na mwisho kabisa safu ya chanzo cha fedha. Katika safu hiyo, kwa ahadi nyingi, kumeandikwa ama "washirika wa maendeleo" ama "itabainishwa". Barua hii inahusu safu hiyo ya mwisho.

Ubia wa kimataifa wa uendeshaji wa serikali kwa uwazi, unaojulikana zaidi kwa kifupi cha OGP, ulizinduliwa Septemba 2011 na serikali nane, zikiwemo za Brazil, Indonesia na Afrika Kusini, na leo una nchi wanachama zaidi ya 70. Msingi wake ni kwamba serikali na asasi za kiraia zinakaa pamoja, zinaandika ahadi zinazopimika, kisha mtathmini huru anaeleza hadharani nini kimetekelezwa. Utaratibu huu unaeleza vizuri nani aahidi na nani apime. Nani alipe umeachiwa kila nchi, na katika nchi nyingi jibu lililozoeleka limekuwa mfadhili wa nje, iwe ni shirika la misaada la serikali fulani, iwe ni mfuko wa pamoja wa wafadhili ulio chini ya Benki ya Dunia.

Jibu hilo halitoshi tena. Januari 2025 Marekani ilisitisha misaada yake ya nje kwa ajili ya mapitio, na ilipofika Julai mwaka huo huo shughuli za USAID zilikuwa zimefikia kikomo rasmi. Februari 2025 Uingereza nayo ilitangaza kwamba misaada yake itashuka kutoka asilimia 0.5 ya pato lake la taifa hadi asilimia 0.3 ifikapo 2027. Sitaki kuwalaumu, maana fedha ni zao na wapiga kura wao ndio wenye kuwauliza. Ninachouliza ni kwa nini haki ya mwananchi kuona matumizi ya kodi yake mwenyewe imetegemea bunge la nchi nyingine kwa muda mrefu hivi.

Naomba nikueleze tulivyoathirika, kwa mfano mmoja ninaoujua kwa karibu. Taasisi moja ya umma, ambayo sitaitaja kwa kuwa watumishi wake walijitahidi, ilifungua tovuti ya takwimu huria kwa fedha za mradi wa miaka mitatu. Walipata mtaalamu wa kompyuta, wakafanya warsha, wakaandaa na uzinduzi wenye kukata utepe. Mradi ulipoisha, mkataba wa mtaalamu ukaisha, na mafaili yaliyokuwa yakipandishwa kila robo mwaka yakakoma kwenye robo ile ile ya mwisho ya mradi. Tovuti yenyewe iliendelea kufunguka kwa miezi kadhaa, ukiingia unakuta takwimu za zamani zimekaa kimya, mpaka siku ilipozimika kwa sababu ada ya mwaka ya jina la tovuti haikulipwa. Nilipouliza, nilijibiwa kwa upole kabisa kwamba hakuna kifungu. Afisa masuuli hakuwa na nia mbaya. Hakuwa na namba ya kifungu ambamo angeingiza malipo hayo, na bila namba hata fedha kidogo hailipiki.

Hapo ndipo penye kiini cha ombi langu, Mheshimiwa. Mageuzi ya uwazi yamekuwa yakiingizwa katika matumizi ya maendeleo, kama mradi wenye mwanzo na mwisho, ilhali kwa asili yake ni matumizi ya kawaida. Kujibu maombi ya taarifa, kuchapisha mikataba ya manunuzi, kutunza daftari la wamiliki halisi wa kampuni na kuitisha vikao vya jukwaa ni kazi za kila mwezi na kila mwaka, kama umeme wa ofisi. Hakuna wizara inayosubiri mfadhili ndipo ilipe umeme.

Faida ya kufanya hivyo imewahi kupimwa. Nchini Uganda, ukaguzi wa njia zinazopita fedha za umma ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995, shule za msingi zilipokea kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku isiyo ya mishahara ambayo serikali kuu ilikuwa imeitoa kwa ajili yao. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Kufikia mwaka 2001 kiwango kilikuwa kimevuka asilimia 80. Watafiti wamebishana, na wana haki ya kubishana, kuhusu ni sehemu gani ya mafanikio hayo iliyoletwa na magazeti na ni ipi iliyoletwa na usimamizi mwingine ulioongezwa wakati huo huo. Hata ukiyapunguza matokeo hayo nusu, sidhani Hazina ina matumizi mengine mengi yanayorudisha fedha kiasi hicho kwa gharama ya karatasi na wino.

Kwamba Hazina yenyewe inaweza kuwa mbia, nalo si jambo geni. Hazina ya Afrika Kusini ilishirikiana na muungano wa asasi za kiraia uitwao Imali Yethu kujenga tovuti ya bajeti ya Vulekamali, iliyozinduliwa mwaka 2018. Asasi hazikuitwa siku ya uzinduzi ili zipige makofi. Zilikaa na maofisa wa bajeti kujadili mwananchi anahitaji kuona nini na kwa lugha gani.

Sasa nije kwenye sehemu ngumu zaidi, yaani fedha za asasi zenyewe. Katika vikao vyetu, watumishi wa serikali husafiri kwa masurufu ya ofisi zao, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Wajumbe wa asasi hujilipia, au hutafuta asasi kubwa iwabebe. Mwenzetu anayewakilisha watu wenye ulemavu hawezi kusafiri bila msaidizi, kwa hiyo kila kikao kwake ni nauli mbili na malazi mawili. Katika mzunguko uliopita alihudhuria kikao cha kwanza na cha mwisho. Ahadi iliyohusu huduma za watu wenye ulemavu ilijadiliwa katika vikao vya katikati, na iliandikwa na watu ambao hawakuwa na ulemavu wowote.

Najua wasiwasi utakaojitokeza, na nauafiki kwa kiasi fulani. Serikali ikilipa asasi, je, asasi zitabaki na ulimi? Na upande wa pili, je, serikali ilipe watu wa kuikosoa? Wahenga walikwisha kuonya: mfadhili mbuzi utakunywa mchuzi, mwanadamu atakuudhi. Naomba uridhie kuudhiwa, kwa kuwa asasi isiyoudhi haina inachokisaidia jukwaani. Ila fedha zisipite katika mikono ya wizara inayosimamiwa. Croatia ilianzisha kwa sheria, mwaka 2003, mfuko wa taifa wa maendeleo ya asasi za kiraia wenye bodi yake, unaopata fedha kutoka bajeti ya serikali na sehemu ya mapato ya michezo ya kubahatisha. Estonia ilianzisha wa kwake mwaka 2008. Mfano mmoja wa tahadhari upo karibu nao: Hungary, ambayo tangu 1996 imewaruhusu walipa kodi kuelekeza asilimia moja ya kodi yao ya mapato kwa asasi, ilijitoa katika OGP mwishoni mwa 2016. Fedha peke yake haileti kuaminiana. Mexico asasi ziliondoka mezani mwaka 2017 kwa madai ya kudukuliwa simu, na hakuna ruzuku ambayo ingewarudisha siku hiyo.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, nikijua kwamba yote yamo ndani ya mamlaka yako. Mwongozo wa bajeti ujao uelekeze kwamba wizara yoyote iliyobeba ahadi katika mpango kazi ionyeshe kifungu cha matumizi ya kawaida kitakachoigharamia, na isiyo na kifungu iondoe ahadi yake kabla jedwali halijachapishwa. Sekretarieti ya jukwaa iwe na kifungu chake, na nauli za wajumbe wasio watumishi wa umma, pamoja na wasaidizi wao, zilipwe humo kwa viwango vile vile vya watumishi. Kuhusu mfuko huru wa asasi, naelewa kwamba sheria haitungwi kwa msimu mmoja. Inatosha kwa sasa kuunda kamati ya kuandaa muswada, yenye nusu ya wajumbe kutoka asasi, na kukubali tangu mwanzo kwamba mfuko huo utakaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu na kwamba orodha ya kila aliyepata ruzuku, pamoja na kiasi alichopata, itachapishwa. Sisi tunaodai uwazi hatuwezi kuomba tusamehewe huo wa kwetu.

Jedwali la mpango kazi wa sasa nimeliambatisha. Ahadi zenye safu ya mwisho isiyo na kifungu nimezitia alama kwa kalamu nyekundu, na niko tayari kukaa na maofisa wako wa bajeti kuzipitia moja moja kabla mwongozo haujatolewa.

Wako mtiifu,

Mjumbe wa jukwaa la pamoja, upande wa asasi za kiraia