Barua ya wazi kwa wajumbe wa baraza la wafanyakazi: deni msilichanganye na ombi

Wanangu, mwangaluka.

Juzi binti wa jirani yangu hapa Igoma, mliyemchagua kuwa mjumbe wenu, aliniletea karatasi mbili zilizobanwa kwa pini: orodha ya mambo mnayotaka kumpelekea mkurugenzi wa halmashauri. Nikavaa miwani, nikahesabu. Mambo 23. La kwanza, mshahara upandishwe. La mwisho limeongezwa kwa kalamu baada ya kuchapa: glovu. Mimi nimekuwa muuguzi mkunga miaka 32, tisa kati ya hiyo kisiwani, upande wa Ukerewe. Kwa hiyo mtanisamehe nikianzia chini kwenda juu.

Glovu si maslahi, ni kitendea kazi. Mkiziweka kwenye orodha ya maombi, mmeshamruhusu mwajiri kujibu kwamba mwaka huu bajeti imebana. Ziondoeni humo, ziandikieni barua yake.

Kubwa zaidi ni hili. Namba 6 ni malimbikizo ya mishahara, namba 9 nauli ya likizo, namba 11 fedha za uhamisho za walimu watatu waliopelekwa visiwani. Hayo yote yamo kwenye kanuni za utumishi, hamuyaombi. Deni halijadiliwi, linadaiwa: jina, cheki namba (ile namba yako ya utumishi), tarehe ya barua ya uhamisho, kiasi, na nakala ya kila kitu. Zamani, katika halmashauri moja niliyofanyia kazi, tulikaa kikao cha siku nzima tukibembeleza madeni yetu wenyewe. Jioni tukaambiwa yamekubaliwa "kimsingi". Tulipiga makofi, mimi nikiwa wa mbele, kisha tukatoka na kile kile tulichoingia nacho. Fedha za uhamisho wangu zilikuwemo, na hadi nastaafu sikuziona.

Sasa huo mshahara. Mkurugenzi hapangi mshahara wenu, unatoka Hazina. Kima cha chini serikalini kilipanda kwa asilimia 23.3 mwaka 2022, na Mei Mosi ya 2025 pale Singida Rais akatangaza kitoke 370,000 kifike 500,000 kuanzia Julai. Hakuna baraza la halmashauri lililoamua hayo. Kikokotoo, ile hesabu ya mafao ya kustaafu, nacho ni vivyo hivyo: mkupuo wa asilimia 33, yaani fungu analolipwa mstaafu kwa mara moja, ulioanza 2022 ulilalamikiwa nchi nzima, vyama vikasema, wabunge wakasema, ndipo bajeti ya 2024/25 ikaupandisha hadi 40. Hoja za namna hiyo zipitisheni kwa vyama vya wafanyakazi, TALGWU ya serikali za mitaa, TUGHE ya serikali na afya au CWT ya walimu, kila mtu kwa chama chake, maana huko ndiko zina mlango. Mkiziweka juu ya orodha hapa kwetu, mkurugenzi atatumia nusu ya kikao akiwaeleza kwa upole kwamba hana mamlaka, na atakuwa anasema kweli.

Yeye ana mapato ya ndani: ushuru wa mialo ya samaki, masoko, stendi. Jiulizeni nini kinaweza kutoka humo.

Ndiyo maana namba 4 nimeizungushia penseli, usafiri na malazi ya watumishi wa visiwani. Ninyi mlioko mjini mmeiweka kwa huruma tu, naona hata sentensi yake ni fupi. Ngoja niwaambie. Mwisho wa mwezi nilikuwa navuka kwenda Nansio, makao makuu ya wilaya, kufuata mshahara. Mtumbwi unaondoka alfajiri, unakaa juu ya gunia la dagaa, maji yanaingia mpaka kwenye kifundo cha mguu na kijana mmoja anayachota kwa kopo la rangi. Boya la kuvaa moja, analo nahodha, amelikalia. Ziwa likichafuka mchana huwezi kurudi siku hiyo, unalipia chumba kwa mshahara huo huo uliokwenda kuuchukua. Siku hizi pesa mnazipata kwenye simu, sawa. Lakini ripoti bado zinapelekwa wilayani, dawa bado zinafuatwa, na mama mwenye uchungu uliokwama bado anavushwa usiku, muuguzi akiwa kando yake ameshika dripu. Je, muuguzi huyo anarudije asubuhi? Kwa nauli ya nani? Andikeni hapo safari ngapi kwa mwezi, nauli ya mtumbwi shilingi ngapi, maboya mangapi, chumba bei gani. Ombi lenye hesabu ni gumu kulikataa.

Kuhusu posho ya chakula, vijana wengi wameitia saini, sishangai. Posho tamu, nimeila. Ila mchango wa pensheni unakatwa kwenye mshahara wa msingi, posho haimo. Kwa hiyo kati ya posho ile na namba 13, kupandishwa daraja kwa wakati, mimi ningeshikilia 13, hata kama kibali chake hakitoki kwa mkurugenzi. Majina anayepeleka ni yeye. Yakichelewa mezani kwake mwaka mmoja, mtalipia mwaka huo hadi uzeeni.

Halafu angalieni kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai, lakini makadirio yanapikwa miezi mingi kabla, na baraza lenu linatakiwa kuyapitia. Mkienda Mei mmekuta sufuria imeshafunikwa.

Mengine, michezo, fulana za Mei Mosi, sherehe ya kuaga wastaafu, amueni wenyewe. Mimi waliniaga kwa blanketi na nilishukuru.

Orodha nimempa binti airudishe. Alama zangu ni za penseli, mkiona nimekosea futeni. Jumamosi nipo, ila asubuhi nitakuwa soko la Mwaloni kununua dagaa, kwa hiyo njooni baada ya saa nane, na yule mwalimu wa kisiwani aje na barua yake ya uhamisho.

Mama yenu, mstaafu,
Igoma, Mwanza