Barua kwa mwanangu anayekwenda Pasadena

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Tangu ulipopiga simu Jumapili kusema umepata kazi ya SPHEREx, ile darubini ya angani, sijalala vizuri. Sikukuuliza palepale kwa sababu mama yako alikuwa anapiga vigelegele. Nauliza hapa: hiyo darubini ikizimwa, wewe utakuwa wapi?

Nimepiga hesabu. SPHEREx ilirushwa Machi 11, 2025, kwa kazi ya miaka miwili. Wewe unafika Caltech, hicho chuo cha Pasadena huko Marekani, mwezi wa nne mwaka huu wa 2026. Mwaka mzima umeshaliwa kabla hujavuta kiti. Mkataba wako umeandikwaje? Umeusoma wote, au umeishia penye mshahara?

Mimi ni fundi wa mafriji, baridi naijua. Uliponieleza kwamba darubini ya infraredi, ule mwanga usioonekana kwa macho, hupokea joto la vitu vya mbali, na yenyewe ikipata joto hujipofusha, nilielewa kabla hujamaliza. Ndiyo maana habari ya ile darubini ya zamani, WISE, iliniuma. Desemba 2009 wameirusha na haidrojeni iliyogandishwa ya kuipoza. Kufikia Oktoba 2010 imekwisha yote. Macho manne yakabaki mawili, na Februari 2011 wakailaza. Ndiyo, najua waliiamsha 2013 ikasaka asteroidi, ile miamba ya angani, hadi Agosti 2024. Najua pia hii yako haina cha kuisha, ina ngao tatu kama faneli zilizopachikana, zinakinga joto la jua na la dunia. Ufundi safi kabisa. Kupima anga zima kila miezi sita, kwa rangi 102! Nimewaambia wenzangu gereji kwamba binti yangu atatafuta barafu kwenye mawingu ya vumbi yanakozaliwa nyota, wakaacha kazi kunisikiliza. Lakini ngao zinailinda darubini. Wewe unalindwa na nini?

Chumba cha baridi nilichokuwa nakihudumia kilipofungwa, tuliambiwa Ijumaa, Jumatatu hapakuwa na kazi. Ya mwaka ule unayajua, siyarudii. Yale maneno niliyokuambia, kwamba nyota hazijazi sufuria, siku ile sikuwa nasema na wewe hasa.

Uliniambia picha zinabaki, kwamba watu wanafanyia kazi picha za WISE hata baada ya yenyewe kuungua angani Novemba 2024. Vizuri. Basi muulize profesa wako, kwa maandishi: anayelipa watu wa kuzitazama picha za SPHEREx ni nani, na hadi lini? Usione haya. Wewe tangu utoto unaona haya kuuliza mambo ya pesa, na hilo umelitoa kwangu.

Jambo jingine. Unatuma meseji ndefu za galaksi, lakini goti la mama yako huliulizi. Limevimba tena. Mpigie yeye, si mimi.

Friji lake nalo linavuja gesi tangu Ramadhani, nami natengeneza ya watu. Nitalimaliza kabla hujaja Tanga kuaga. Ukija, leta mkataba umechapishwa kwenye karatasi, herufi za kwenye simu sizioni. Tutakaa barazani tuusome mimi na wewe, ukurasa kwa ukurasa, hasa panapoandikwa tarehe ya mwisho.

Na utuambie mapema ndege inaruhusu kilo ngapi. Mama yako ameshanunua unga wa visheti.

Baba yako