Ndugu akifa, mfanyakazi apewe siku za kumlilia

Mhariri,

Mimi ni msomaji wenu wa miaka mingi, nakaa Kayole, Nairobi, na nafanya kazi kwa kiwanda kimoja huku Industrial Area, na mwaka huu tumemzika kitinda mimba wetu. Naandika nikiwa na uchungu lakini najua vizuri kitu nataka. Nataka sheria ya kazi ya hii Kenya yetu ikubali kwamba kaka na dada pia wanafiwa.

Nilipopeleka habari ya msiba kazini, dada wa HR, ile ofisi ya mambo ya wafanyakazi, alinipa pole ya ukweli, sina ubaya naye hata kidogo, halafu akafungua faili akanionyesha orodha ya wale watu wakifa unapewa siku: mume ama mke, mtoto, mzazi. Ndugu hayuko. Akaniambia nikitaka kwenda kuzika zitakatwa kwa likizo yangu ya mwaka, na hiyo likizo ilikuwa karibu kuisha juu nilikuwa nimeitumia kumuuguza huyo huyo ndugu wodini.

Nikaingia kwa simu nikatafuta Sheria ya Ajira ya 2007 nikaisoma mwenyewe. Iko na likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi, mama akijifungua miezi 3, baba wiki 2, ukiugua siku 7 na mshahara wote na zingine 7 na nusu mshahara. Mwaka wa 2021 Bunge likaongeza mwezi mmoja kwa mtu anayeasili mtoto, jambo zuri sana. Lakini kufiwa hakumo, yaani hata kufiwa na mzazi hakumo, hizo siku za mzazi tunapewa ni kwa hiari ya kampuni ama kwa mkataba ambao chama cha wafanyakazi kilipigania. Kwa hivyo kampuni ikiamua ndugu yako si wa kuliliwa, hakuna kifungu cha hii sheria utawaonyesha.

Na hapa jirani tu, Tanzania, sheria yao ya ajira ya 2004 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 4 zenye malipo akifiwa na mume ama mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu, na ndugu ameandikwa pale pale pamoja na wengine. Afrika Kusini wako na siku 3 kwa mwaka za mambo ya familia, na kifo cha ndugu kimo. Hawa ni watu kama sisi, na viwanda vyao havijafungwa kwa sababu mtu alienda kumzika ndugu yake.

Wacha niwaambie huyu mtu alikuwa nani kwangu. Alizaliwa nikiwa darasa la tano, na mama alikuwa anatoka alfajiri kwenda soko, kwa hivyo mgongo aliokulia ni wangu. Alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu mtoto anarithi kwa baba na mama wote wawili, na kule kwetu magharibi uko kwa boma nyingi. Mimi ndiye nilijifunza kwamba baridi inamletea maumivu, kwamba akikosa kunywa maji ya kutosha mifupa inaanza kumuuma, kwamba vidonge vya foliki na vile vya kuzuia malaria ni vya kila siku hata akiwa mzima. Nilipokuja Nairobi nikamleta, akasoma hapa, akajifunza kutengeneza simu, akapata kibanda chake. Kila Juni na Julai hii baridi ya Nairobi ikianza mimi nilikuwa silali vizuri, nasikiliza kama anakohoa, nampigia akiwa kibandani namuuliza kama amevaa sweta, ananiambia dada niko sawa, nami najua kwa sauti kama ni uongo. Alikuwa mpole, alikuwa anacheka kabla ya kumaliza hadithi yake mwenyewe, na simu ya mama mboga wa karibu na kibanda alikuwa anaitengeneza bila kumlipisha. Nimemlea, nimemlipia karo, nimeshika mkono wake akiumwa usiku mzima. Sasa mtu aniambie uhusiano wetu ulikuwa mdogo kuliko huo ulio kwenye faili.

Tena wasomaji wenzangu mnajua dada mkubwa anafanya nini kukiwa na matanga. Mimi ndiye nilienda mochari, nikafuata kibali cha mazishi, nikafungua grupu ya WhatsApp ya mchango, nikashika hesabu, nikatafuta gari ya kubeba mwili na jeneza, huku bili ya mochari inaongezeka kila siku mnayochelewa. Watu wanapiga simu wanauliza imefika ngapi, unajibu, mwingine anapiga. Hakuna saa ya kulia hapo. Nilijiambia nitalia tukifika nyumbani.

Tulisafiri Ijumaa usiku, tukazika Jumamosi, Jumapili nikawa kwa basi ya kurudi kwa sababu Jumatatu asubuhi nilikuwa natakiwa kazini. Na kwetu, mazishi hayaishi kaburi likifunikwa. Siku ya tatu familia inakaa, watu wananyolewa, marehemu anasemwa vizuri na pole pole, na anayemdai ama anayedaiwa naye anasimama anasema. Hiyo ndiyo siku niliikosa. Nilisimuliwa na mama kwa simu wakati wa lanchi nikiwa nimesimama nje ya geti, akaniambia fundi mwenzake marehemu alisafiri mpaka huko, akasimama mbele ya wazee akasema hamdai marehemu kitu, ni yeye ndiye anadaiwa na marehemu, kwamba marehemu alimkopesha pesa ya kununua vifaa vya kazi mke wa huyo fundi alipolazwa, na hakuwahi kumkumbusha hata siku moja. Mimi nimekaa na ndugu yangu nyumba moja na sikuwa najua hilo. Nilipaswa kuwa pale nilisikie likisemwa, nimshukuru huyo fundi kwa mkono wangu, nikae na mama jioni hiyo. Kengele ikalia nikarudi ndani, kwa mashine ya kukata, na macho hayaoni vizuri. Mtu ambaye hajalala wala hajalia hafai kuwekwa kwa mashine kama hiyo, hilo hata mwajiri anayefikiria faida peke yake anaweza kulielewa.

Najua waajiri watasema Wakenya tuko na ndugu wengi, kila wiki mtu atakuja na msiba. Mimi sijaomba siku za kila binamu na kila jirani. Iandikwe ndugu wa tumbo moja ama wa baba mmoja, mfanyakazi alete kibali cha mazishi, siku ziwe 4 basi. Anayetaka kudanganya hataweza kutoa kibali cha mtu ambaye hajafa. Na vibarua pia wafikiriwe, juu wao wakienda kuzika hakuna likizo ya kukata, wanakosa pesa ya siku na wakirudi wanapata mtu mwingine ameshikilia kazi.

Kwa wabunge, na wewe mbunge wetu wa Embakasi ya Kati ukiwa unasoma, kifungu cha Tanzania kiko tayari, chukueni mkilete kwa Bunge kama marekebisho ya Sheria ya Ajira. Kwa COTU, ule muungano wa vyama vya wafanyakazi, na viongozi wa vyama, kila Mei Mosi mnasimama kutupigania nyongeza na tunashukuru, lakini mkikaa na waajiri kujadili mikataba mwaka huu ongezeni ndugu kwa ile orodha ya msiba, hiyo haingoji Bunge. Mimi nimeshaongea na mwakilishi wetu wa chama hapa kiwandani, amekubali kulibeba kwa mkutano ujao, na wenzangu wawili ambao pia walizika ndugu zao wamesema watasimama na mimi.

Mfanyakazi wa kiwanda,
Kayole, Nairobi