Tuanze na upimaji gani kabla ya kugawana shamba?

Kwako mshauri,

Tuko ndugu watatu na shamba letu liko Kwale, Kenya. Mirathi imekwisha, hati imetoka kwa majina yetu sote, na sasa tunataka kila mtu apate namba yake. Hati inasema "takriban hekta 1.2". Mpima alipofuata safu ya mikonge ya zamani alipata hekta 1.14. Akifuata seng'enge ambayo jirani wa mashariki ameipitisha upande wetu wa mikonge, zinabaki 1.11. Mdogo wetu anasema tumeibiwa hekta 0.09 na anataka twende kortini.

Sisi wawili hatukubali hesabu hiyo. Hati yetu ni ya mpaka wa jumla, na kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinasema wazi kwamba ramani ya aina hii huonyesha mipaka kwa kukadiria tu. Ramani yenyewe ni ya skeli 1:2,500: mstari wa kalamu wenye unene wa nusu milimita unafunika mita 1.25 ardhini. Shamba lina upana wa mita 80 hivi na urefu wa 150. Sogeza mpaka ndani mita 1.25 kila upande, unapata 77.5 kwa 147.5, ambayo ni hekta 1.14. Kwa hiyo upungufu wa kwanza waweza kuwa wa ramani tu, bila mtu kuchukua hata hatua moja. Ugomvi wa kweli ni ule ukanda wa mita 2 kwa 150 kati ya mikonge na waya: mita za mraba 300, karibu thuluthi mbili za ploti ya futi hamsini kwa mia. Si kidogo kwa atakayeangukiwa na upande wa mashariki. Na simu ya GPS aliyozunguka nayo mdogo wetu kupima haiwezi kuuamua, maana hukosea mita tatu hadi tano hata pasipo na minazi ya kuziba anga.

Tumeshauriwa njia tatu. Ya kwanza ni kujaza fomu ya mutesheni (ya kugawa namba moja ya shamba kuwa namba mpya) moja kwa moja na kugawa. Ni rahisi, lakini tunaiogopa: tukichora kwenye waya tumeuacha ukanda, tukichora kwenye mikonge tumegawa ardhi inayokaliwa na mwingine. Namba ya zamani ikishafungwa, kesi nzima inamhamia ndugu mmoja ndani ya hati mpya. Ya pili ni kumwomba Msajili wa Ardhi aamue mpaka kwa kifungu cha 18: jirani anapewa notisi, Msajili anafika shambani na mpima wa serikali, wazee wanasikilizwa, alama zinakaguliwa. Kortini hatuwezi kutangulia, kwa sababu kifungu hichohicho kinaizuia korti kusikiliza kesi ya mpaka ambao haujaamuliwa hivyo. Ya tatu ni kifungu cha 19, kufunga mpaka kabisa: kila pembe inapimwa na kuwekewa bikoni (alama ya kudumu ya mpaka), plani inahifadhiwa, na daftari linaandikwa kuwa mpaka umefungwa. Hapo majirani wote wanaopakana nasi lazima wapewe notisi, na gharama inapanda. (Kuna aliyetutajia pia upimaji wa miinuko. Huo utamfaa atakayejenga au kuchimba mtaro, kuhusu mpaka hausemi kitu.)

Tunaomba utufafanulie haya. Je, uamuzi wa Msajili kwa kifungu cha 18 unatosha kuwa msingi wa mutesheni, au mpima mwenye leseni atahitaji mpaka uliofungwa? Kama ni kufunga, twaweza kufunga upande wa mashariki peke yake? Na kibali cha bodi ya ardhi, inayoidhinisha kugawa shamba, tukiombe sasa au tusubiri Msajili amalize, ili kisitolewe kwa eneo ambalo baadaye litabadilika?

La mwisho ndilo la haraka. Jirani ameanza kung'oa mikonge. Tunajua kuharibu alama ya mpaka bila idhini ya Msajili ni kosa kwa kifungu cha 21, lakini hatutaki kuanza na polisi. Tumewaza mpima achukue nukta ya kila kisiki kilichobaki, na tupige picha zenye tarehe mbele ya mzee wa kijiji. Je, Msajili atazipokea kama ushahidi akija na kukuta hakuna mkonge hata mmoja?

Wasomaji wako,
Ndugu watatu, Kwale