Kimo cha droni hakihesabiwi kutoka iliporukia

Mhariri,

Warushaji wengi wa droni wanaijua namba yenyewe ya kimo cha juu kinachoruhusiwa: mita 120 katika Umoja wa Ulaya na Uingereza, futi 400 (karibu mita 122) nchini Marekani. Kinachowaponza ni mahali pa kuanzia kuhesabu.

Sheria huhesabu kutoka ardhi iliyo chini ya droni. Skrini ya rimoti kwa kawaida huonyesha kimo kutoka iliporukia. Ukirusha kutoka ukingoni kuelekea bonde lenye kina cha mita 60, skrini ikasoma 80, droni iko mita 140 juu ya ardhi. Programu nayo hukaa kimya, maana kikomo ulichoweka humo huhesabiwa vilevile kutoka iliporukia.

Basi soma kwanza ramani ya kontua (yenye mistari ya kuonyesha kimo cha ardhi), toa kina cha bonde kwenye 120, na jibu uliweke kuwa kikomo. Punguza mita chache zaidi: droni hupima kimo kwa shinikizo la hewa, na likibadilika angani kipimo huyumba.

Kwenye minara mirefu kuna nafuu, ila si sawa kila mahali. Marekani huruhusu futi 400 juu ya kilele, mradi droni isivuke futi 400 kutoka mnara. Ulaya ni bahili zaidi: mita 15 tu, kwa mnara unaozidi mita 105, droni ikiwa ndani ya mita 50, tena kwa ombi la mwenye mnara. Ombi hilo ndilo husahaulika.

Karibu na viwanja vya ndege, sahau namba hizi zote. Omba kibali kwanza.

Wasomaji wako,
Warushaji droni