Karatasi ya Hisabati Ikishasahihishwa, Ndipo Kazi Inapoanza

Wazazi wa darasa la saba huja kwenye masomo yetu ya ziada na bunda la mitihani ya miaka iliyopita na swali moja: mtoto amefanya karatasi chungu nzima, mbona alama zimegoma kwenye 22 au 25 kati ya 50? Zikifunguliwa karatasi hizo, sababu huonekana. Alama zimejumlishwa kwa wino mwekundu, mtoto akahamia karatasi nyingine. Kosa la Machi linarudi Juni likiwa na namba mpya.

Dawa yake mnaweza kuianza nyumbani bila kutulipa. Tengeni daftari dogo la makosa. Kila swali lililokosewa linaandikwa upya, na chini yake sentensi moja inayotaja hatua iliyoharibika. "Sikuwa makini" hatuipokei, kwa kuwa haimwambii mtoto afanye nini kesho.

Mfano: 20 − 8 + 5. Mtoto amekariri MAGAZIJUTO (Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa), akaona "Ju" inatangulia "To", akajumlisha kwanza 8 na 5, kisha akatoa 13 kwenye 20 na kupata 7. Jibu ni 17. Kujumlisha na kutoa vina hadhi sawa, na hufuatwa kuanzia kushoto kwenda kulia. Kugawanya na kuzidisha vivyo hivyo. Kifupisho hicho kimesaidia wengi, lakini hapa kinaponza.

Au saa 9:15 toa saa 6:40. Anayepata 2:75 amekopa 100 badala ya dakika 60. Sahihi ni saa 2 na dakika 35.

Linalokula alama zaidi ni la asilimia. Bei imepanda kwa 25% na sasa ni sh. 15,000, ya awali ilikuwa ngapi? Wengi hutafuta 25% ya 15,000, wanatoa, wanapata 11,250. Lakini ile 25% ilikuwa ya bei ya zamani. Kwa hiyo 15,000 ni 125%, na bei ya awali ni 15,000 × 100 ÷ 125 = 12,000. Kwenye maswali ya kuchagua msishangae kuikuta 11,250 imekaa pale ikimsubiri mtoto.

Tatizo la pili ni kurudia mada moja moja. Akifanya maswali 20 ya KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika) mfululizo, hasomi swali tena, anajua tu atafute KDS. Kwenye mtihani hakuna wa kumnong'oneza mada. Mpeni haya mawili pamoja: kengele mbili zinalia kila baada ya dakika 12 na dakika 18, zikilia pamoja sasa, zitalia tena pamoja baada ya dakika ngapi? Na kamba za mita 12 na mita 18 zinakatwa vipande vilivyo sawa bila kubaki kitu, kipande kirefu zaidi kina mita ngapi? La kwanza ni KDS, 36. La pili ni KKS (Kigawo Kikubwa cha Shirika), 6. Namba ni zilezile. Anayepimwa ni msomaji.

Kwa siku za kawaida, dakika 40 zinatosha: maswali 10, manne kutoka daftari la makosa, sita ya mada mchanganyiko. Swali lililokosewa lirudiwe baada ya siku 3, kisha 7, kisha 21, kila mara kwa kubadili namba (kengele ziwe 15 na 20, jibu 60). Msipobadili atakariri kwamba jibu ni C. Jumamosi afanye karatasi nzima kwa muda ulioandikwa juu yake, simu ikiwa chumba kingine. Jumapili ni ya kuchambua tu.

Ajizoeze pia fomu ya OMR, ile ya kusiliba majibu yanayosomwa na mashine, kwa penseli ya HB. Akiruka swali la 17 bila kuruka kisanduku chake, majibu yote yanayofuata yanasogea. Kila baada ya maswali matano alinganishe namba ya swali na ya kisanduku.

Kwetu, siku ya kwanza hatufundishi. Tunapitia karatasi tatu za mwisho zilizosahihishwa na kuhesabu makosa kwa aina yake, ndipo tunapanga ratiba. Kwa hiyo mkija, njooni nazo, hata ile yenye alama 12 aliyoificha chini ya godoro.